Tairi Chini, Kufua Juu

Asubuhi hiyo maji ya bomba yalirudi, na ploti nzima ikaamka kwa fujo. Mitungi iligongana. Milango ilibamizwa. Wakio alikuwa ameshuka ngazi kabla ya wengine, mtungi mmoja mkono wa kulia na beseni kichwani.

Wakio na mumewe Nzioka walikuwa wamepanga ghorofani, hapa mjini Voi. Bomba lilikuwa chini. Kamba ya kuanika ilikuwa chini. Wao walikaa juu. Na mwenye ploti alikuwa amekataza watu kufulia uani, eti sabuni inaharibu simiti yake. Simiti yake! Migongo ya wanawake hakuiona.

Basi kila siku ya kufua, Wakio alipandisha maji mpaka juu. Alifulia bafuni, pahali padogo pa kuchuchumaa. Kisha alizishusha nguo zikiwa bado mbichi, maji yakimchuruzika miguuni na kulowesha ngazi. Mwaka uliopita aliteleza kwenye ngazi hizo hizo. Alianguka na beseni lake, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mkono ulipona, lakini ulipona vibaya. Mpaka leo akikamua blanketi anakunja uso kwa maumivu.

Hata hivyo alivumilia. Nzioka alikuwa anajenga nyumba yao, nyumba ya ghorofa moja juu, katika mtaa wa Sikujua. Ndiyo, Sikujua ndilo jina la mtaa. Kila jioni Nzioka alimwambia, "Mama Shanice, vumilia kidogo. Kuna chumba cha kufulia pale. Na mashine nitakununulia."

Wakio alikiona chumba hicho akilini kila alipopanda ngazi na mtungi. Kilikuwa na mlango wa kutokea nje, na jua lilikuwa hapo hapo mlangoni. Alijiambia kwamba akihamia huko, hatabeba tena nguo mbichi kwenye ngazi maisha yake yote.

Siku moja alipeleka chakula cha mchana kwenye mjengo. Fundi Kitheka alimkaribisha kwa furaha.

"Karibu, Mama Shanice! Umekuja wakati mzuri. Kesho kutwa tunamwaga slabu."

Slabu ni ile sakafu ya zege ya ghorofani. Mabomba hupangwa kabla haijamwagwa. Ikishakauka, kubadilisha ni kuvunja.

"Nionyeshe chumba changu cha kufulia," Wakio alisema.

Kitheka alielekeza kidole juu, kwenye fito na mbao. "Ni kule. Karibu na vyumba vya kulala."

Wakio alidhani hakusikia vizuri. "Kule juu?"

"Ndio, Mama. Mzee alisema juu."

"Na hiki hapa?" Wakio alikuwa amesimama katika chumba kilicho karibu na jikoni. Kilikuwa na nafasi ya dirisha na mlango wa kutokea uani. Ndicho kile kile alichokiona akilini, hata jua lilikuwa limeshaingia.

"Hicho ni stoo ya tairi za mzee," Kitheka alijibu.

Nzioka alikuwa anauza tairi kuukuu za lori kando ya barabara ya Mombasa. Wakio aliangalia mlango. Akaangalia juu. 

Nzioka alifika wakati huo huo, anatabasamu. "Ah, Mama Shanice, umeona kazi?"

"Nzioka!"

Tabasamu liliisha. Wakio hakuwa na kawaida ya kumwita mumewe kwa jina. Alimwita Baba Shanice. Mafundi nao walijua kuna jambo, wakajifanya wanatafuta koleo.

"Nani aliamua kwamba nitafulia juu?"

"Tutaongea nyumbani," Nzioka alisema kwa sauti ya chini.

"Tutaongea hapa hapa, kabla hamjamwaga hiyo slabu yenu!"

Nzioka alijaribu kueleza. "Sikiliza. Nguo zinavuliwa wapi? Vyumbani. Vyumba viko wapi? Juu. Sasa uzishushe chini za nini? Na isitoshe, itafua mashine, si wewe."

"Mashine itashuka kuchota maji?"

"Tutaweka tangi."

"Tangi utaliweka wapi?"

"Kwa sasa, chini. Mnara wa tangi tutajenga baadaye."

"Baadaye! Na mgao wetu huu, siku maji yakija yanadondoka kama machozi, yatapanda juu yenyewe? Na kamba ya kuanika?"

Nzioka alikuna kichwa. "Kamba... si uani, nyuma."

"Kwa hivyo maji chini, kamba chini, na mimi juu! Ni ile ploti ile ile, Nzioka, tofauti ni rangi tu! Tairi zako zimepewa mlango wa nyuma. Mimi nimepewa ngazi!"

Fundi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Nzioka alisikia aibu, na aibu ikamfanya aseme neno baya.

"Hii nyumba najenga mimi," alifoka. "Ni jasho langu!"

Wakio alitulia. Alipojibu, hakupiga kelele tena.

"Jasho lako? Na hilo jasho, miaka yote hii, linafuliwa na nani?"

Aliweka chakula juu ya matofali, akaondoka. Njia nzima vumbi jekundu lilimpiga usoni, naye hakulifuta. Jasho lake, jasho lake. Neno hilo lilimchoma kuliko ule mkono siku ulipovunjika.

Siku iliyofuata Wakio hakufua. Aliweka beseni, sabuni, ovaroli za Nzioka na blanketi lao mbele ya mlango.

"Leo mashine ni wewe," alimwambia. Akaketi na chai yake.

Nzioka naye ana kiburi. "Kufua ni kazi gani?" alisema. Akapandisha maji. Akapandisha tena. Ovaroli zilikuwa na vumbi jekundu na grisi ya tairi, na maji yaligeuka matope mara moja, ikabidi apandishe mengine. Blanketi lilimshinda kukamua. Alilibeba hivyo hivyo, likimmwagikia tumboni, akaanza kushuka. Katikati ya ngazi mguu uliteleza. Alishika chuma cha ngazi, blanketi likamponyoka na kuangukia vumbini. Aliketi pale pale kwenye ngazi, amelowa, anahema.

Hapo mama yake akafungua mlango. Bi Katuku alikuwa amekuja kutibiwa miguu, na ilikubaliwa kwamba nyumba mpya ikiisha atakaa nao. Wakio alijiandaa kusikia maneno. Mwanaume anafua na mke yuko! Lakini Bi Katuku alimtazama mwanawe tu.

"Nzioka, huko kwako mimi nitafulia wapi?"

"Mwaitu, kuna mashine," Nzioka alijibu. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Utampa Wakio nguo zako, atazitia pamoja na zetu."

Bi Katuku alitoa macho. "Ati nini? Nguo zangu za ndani zizunguke na suruali zako ndani ya tumbo moja? Mimi mama yako? Shindwa! Za kwangu nitafua kwa mikono yangu mpaka nife. Na ngazi za kila siku, kwa miguu hii, siwezi. Sasa niambie, nitafulia wapi? Kwenye tairi?"

Wakio alitaka kucheka, lakini hasira haikumruhusu. Nzioka aliinuka, akashuka kuliokota blanketi.

Mchana simu ya Wakio ililia. Alikuwa Mwalimu Evelyn, anayefundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Nyumba yake ilipakana na mjengo wao kule Sikujua.

"Wakio, jana sauti yako ilifika mpaka jikoni kwangu," alisema. "Njooni jioni, wewe na mzee. Kuna kitu nataka mkione kabla ya kesho."

Walikwenda bila kusemeshana. Mwalimu Evelyn hakuwaketisha. Aliwapeleka sebuleni, akaonyesha dari. Ilikuwa na doa kubwa la rangi ya chai, na katikati dari ilikuwa imebonyea.

"Hii nyumba niliinunua ikiwa tayari," alisema. "Chumba cha kufulia kiko juu ya hapa. Bomba likivuja kidogo tu, maji yanaingia kwenye slabu polepole. Ukija kuona doa, yameshaharibu."

"Kwa hivyo kufulia juu ni makosa?" Nzioka aliuliza.

"Si makosa kila mahali. Kama maji yana nguvu ya kupanda saa zote, na sakafu imezibwa vizuri isipitishe maji, na kuna pahali pa kuanika huko huko juu, watu wanafulia juu na hakuna shida. Wewe una hayo?"

Nzioka alitikisa kichwa.

"Basi fuata safari ya nguo," Mwalimu Evelyn aliendelea. "Nguo chafu ni kavu. Nyepesi. Hata mtoto anaishusha. Ikifuliwa inakuwa nzito, na inamwaga maji. Hiyo nzito ndiyo isipite kwenye ngazi. Inatoka kwenye maji, inaingia kwenye jua, hatua chache, basi. Ikikauka ni nyepesi tena, inapanda juu kukunjwa. Umeona?"

"Ni hicho tu nilichokuwa nasema!" Wakio alisema. 

"Tena kile chumba karibu na jikoni kinakufaa kwa mengi. Maji ya jikoni yako ukutani tayari, bomba ni fupi. Tangi likiwa chini, kubeba maji ni kidogo. Mashine ikitetemeka, inatetemekea chini, haitingishi kitanda cha mtu. Mwambie fundi ainamishe sakafu kidogo kuelekea tundu la maji, yasisimame. Dirisha liwe kubwa, unyevu utoke, ukuta usiote kuvu. Soketi ya stima iwe juu ukutani, mbali na maji."

"Na sinki ya kufulia kwa mkono," Wakio alisema. "Pana, na ya kimo cha mtu kusimama. Ya Mwaitu."

"Na tairi zangu?" Nzioka aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Tairi ni mpira, haziogopi nje," Mwalimu Evelyn alijibu. "Jenga kibanda kando ya ua. Lakini kiezeke kwa mabati. Tairi ikishika maji ya mvua inafuga mbu, na hao watawaumiza nyote."

Nzioka alitazama dari tena. Kisha akatazama mkono wa kushoto wa mkewe, ule uliopinda.

"Sikujua," alisema.

Hapo ndipo Wakio alipowaka upya. "Hukujua? Ulinisikia nikilia siku ile nilipofungwa plasta. Unanisikia kila wiki nikipanda na mitungi. Hukujua kwa sababu hukuuliza! Sikujua ni jina la mtaa, Baba Shanice. Si jibu la mtu mwenye mdomo!"

Alikuwa amemwita Baba Shanice. Nzioka alilisikia hilo.

"Ni kweli," alisema. "Sikukuuliza. Na lile neno la jasho, nimekosa. Nisamehe."

"Nimesikia," Wakio alijibu. Hakusema amesamehe. Hiyo ilikuja baadaye, polepole.

Alfajiri Nzioka alikuwa kwenye mjengo kabla ya mafundi. Lakini safari hii hakwenda peke yake. Wakio ndiye aliyesimama kwenye kile chumba na kumwonyesha Kitheka: sinki hapa, mashine pale, tundu la maji kwenye kona ile. Kitheka alipotaka kumgeukia mzee kuuliza, mzee alisema, "Muulize mwenyewe. Ndiye anayefua." Mabomba ya kufulia kule juu yakaondolewa, na slabu ikamwagwa.

Sasa wamehamia. Maji yakija, Wakio haamki kwa vita. Nzioka anashusha kapu la nguo chafu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mashine inafua, Wakio anafungua mlango, na jua liko pale pale. Nguo zinakauka upesi, na mkono wake haumuumi kama zamani. Maji ya sabuni yanakwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba. Bi Katuku anafua zake kwenye sinki akiwa amesimama wima, na ana kamba yake mwenyewe nyuma ya kibanda cha tairi, ambako mwanawe haruhusiwi kupita.

Juzi jirani mpya alikuja kumtembelea Nzioka. Anaitwa Mutunga. Amenunua ploti ng'ambo ya barabara, naye anataka kujenga ghorofa. Alitandaza ramani mezani.

"Chumba cha kufulia nimekiweka hapa chini ya ngazi," alisema. "Hakina dirisha, lakini ni cha nguo tu."

"Kwako nani anafua?" Nzioka aliuliza.

"Mke wangu, Nthenya."

"Nthenya ameiona hii ramani?"

Mutunga alicheka. "Ah, bwana. Sikujua kama mambo ya ramani huwa—"

Nzioka alimpungia mkono anyamaze, lakini alichelewa. Mlango wa chumba cha kufulia ulifunguliwa kwa kishindo. Wakio alisimama pale, povu mpaka viwikoni.

"Sikujua ni jina la mtaa!" alisema. "Nenda kamlete Nthenya!"

Mutunga alimtazama Nzioka. Nzioka alikuwa ameshaanza kumkunjia ramani yake.

"Nenda, ndugu yangu," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla hujamwaga slabu."