Guarana ya Alfajiri

Kila alfajiri Silverio alikuta kikombe cha guarana mezani, akanywa, akajisemea kwamba dada yake anamtunza. Benvinda naye, akiwa bado kitandani, alisikia kwaru, kwaru, kwaru jikoni, akafurahi kwamba kaka yake mvivu amejifunza kazi ukubwani. Hapa mjini Cuiabá hakuna anayeanza siku bila guarana, ule mche mgumu wa mbegu za msituni unaokunwa unga wake ukanywewa na maji, basi nani angeshtuka?

Asubuhi moja Silverio alimtania dada yake kwamba guarana yake ina ladha ya matope. Benvinda akamjibu kwamba hajakuna guarana tangu mumewe aondoke. Angekunia nini? Ulimi mkavu wa samaki, ule mkali kama tupa, Honorato aliondoka nao. Wote wawili wakakitazama kikombe.

Honorato, mume wa Benvinda, alikuwa mwendesha nyumbu. Yeye na Silverio waliajiriwa na mzungu mmoja mwenye ramani, aliyeapa kwamba ndani ya msitu kuna mji wa mawe uliosahaulika. Mzungu alirudi, Silverio akarudi, Honorato hakurudi. Silverio alisema ni homa, na kwamba walimzika vizuri pamoja na vitu vyake. Benvinda alilia, akaamini. Asipomwamini ndugu wa tumbo moja, amwamini nani? Alimpa chumba, akampa hata kiti cha marehemu. Sasa alitaka jambo moja tu: mumewe apumzike.

Alfajiri iliyofuata alisimama mlangoni pa jiko, na ile kwaru, kwaru ilikuwa pale pale mbele yake, juu ya meza isiyo na mtu, na harufu ya majani yaliyooza na kidonda kilichoharibika ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na maji ndani ya kikombe yakawa yanabadilika rangi taratibu, yakiwa mekundu, kisha ya kahawia, na hakuna mkono uliokuwa ukiyakoroga. Kikombe kilikuwa mbele ya kiti cha Silverio.

Benvinda alimwita Eufrasia, bibi anayeombea wagonjwa na kufukuza mapepo. Kesho yake kabla ya kucha walikaa jikoni wote watatu. Sauti ilipoanza, bibi hakuinua tawi lake la dawa. Alisikiliza kwanza.

"Huyu hana ugomvi," alinong'ona. "Anamwandalia mgeni. Silverio, mwanangu, ulimwambia nini mara ya mwisho?"

Silverio alianza tena habari za homa. Sauti ikaenda mbio. Akaacha.

"Alivunjika mguu," alisema. "Mzungu akasema mji uko karibu, tukimbeba tutaukosa. Nikamwambia, shemeji, tutarudi alfajiri. Wewe nikunie guarana kabisa, nikifika ninywe."

"Na mji?" Benvinda aliuliza.

"Hapakuwa na mji. Miti tu."

"Mkarudi alipo?"

Silverio alitazama sakafu. "Njia nyingine ilikuwa fupi."

Mumewe alikaa peke yake msituni, mguu umevimba, akikuna guarana kila kukicha kwa ajili ya mtu aliyekuwa huku nyumbani amekalia kiti chake. Eufrasia alipoinua tawi amfukuze marehemu, Benvinda aliushika mkono wake.

"Mwache huyo, bibi. Mfukuze huyu."

"Dada, mimi ni damu yako."

"Shemeji yako anakusubiri. Nenda."

Silverio aliondoka na mfuko wake kabla jua halijatoka.

Kesho yake Benvinda aliamka mapema, akachana nywele, akaweka maji kwenye kikombe cha mumewe. Alitaka kumwambia kwamba sasa anajua, apumzike. Alisubiri mpaka jua likaingia dirishani. Jiko lilikuwa kimya, na maji yalibaki maji. Alisubiri hivyo siku nyingi.

Kisha akapita mwendesha nyumbu mmoja kutoka kaskazini. Akasema alimkuta Silverio kambini, amekonda, kila akiamka anauliza nani anayekuna guarana, na kikombe kiko kando ya kichwa chake.

"Anainywa?" Benvinda aliuliza.

"Kila siku. Anasema anaogopa kukataa."

Benvinda alimshukuru, akafunga mlango. Kumbe mumewe hakuwa amerudi kwa ajili yake yeye hata siku moja. Benvinda alikaa kwenye kile kiti cha marehemu mbele ya kikombe cha maji, akalia kwa wivu.