Pua ya Mbayuwayu

Kisomajivu kilishuka taratibu juu ya mabaki ya gari, kikakunjua miguu yake kumi na miwili myembamba, kikaanza kula. Kula ndilo neno walilolitumia mafundi wa kiwanda cha magari ya Mbayuwayu, na halikuwa mbali na ukweli. Mashine ile ilinyonya majivu punje kwa punje, ikatambua kila punje ilikuwa kitu gani kabla ya kuungua, kisha ikalichora gari upya hewani kwa nuru ya buluu: hapa usukani, pale kiti, huku mlango uliochelewa kufunguka. Baada ya saa mbili gari lilikuwa limesimama tena katikati ya karakana, zima kabisa, ila lilikuwa nuru tupu na mtu angeweza kupitisha mkono katikati yake.

Mhandisi Riziki Shemweta alilizunguka mara tatu. Yeye alikuwa mkuu wa uchunguzi wa moto kiwandani, cheo ambacho kwa miaka sita hakikuwa na kazi yoyote, hata wenzake wakamtania kwamba ameajiriwa kunywa chai ya tangawizi. Sasa hili lilikuwa gari la nne kuungua ndani ya miezi mitatu, na hakuna aliyemtania tena.

"Moto umeanzia wapi?" aliuliza.

"Seli ya kumi na tisa, chini ya kiti cha dereva," kilijibu kisomajivu. "Ilivuja moshi kwa dakika sita kabla ya kuwaka."

"Na kinusi kilisema nini dakika zote hizo?"

"Hakikusema kitu."

Jibu lilikuwa lile lile la magari matatu ya kwanza, na kila alipolisikia Riziki aliona aibu ya kwake mwenyewe. Kinusi kilikuwa pua ya gari, na pua hiyo aliibuni yeye. Betri za Mbayuwayu zilikuwa na nguvu ya kulifikisha gari Dodoma kutoka Tanga kwa saa moja na nusu, na betri ya namna hiyo haikosi siku ikaugua. Seli mgonjwa, kabla haijawaka, hutoa moshi mwembamba ambao mtu hawezi kuusikia. Kinusi huusikia. Kikiusikia huizima seli, hupiga kelele, hufungua milango na kumwambia dereva atoke. Seli zilikuwa zimeugua mara nyingi miaka ya nyuma, na hakuna aliyeungua hata ukucha.

Huko nje jina la kiwanda lilikuwa linaungua kuliko magari yenyewe. Mbayuwayu ilikuwa fahari ya Tanga. Bodi yake ilisukwa kwa nyuzi za mkonge wa Pongwe, nyepesi kuliko bati na ngumu kuliko chuma, na matajiri wa Lagos na Mumbai walikuwa wakisubiri miaka miwili kuipata. Sasa watu walikuwa wameibatiza "jiko". Muuza chipsi mmoja wa Chumbageni aliandika kwenye banda lake kwa herufi kubwa: TUNAPIKIA MBAYUWAYU. Wafanyakazi ambao zamani walivaa sare hadi sokoni, sasa walizikunja mifukoni kabla ya kupanda treni ya juu. Wateja waliokuwa kwenye foleni walijitoa mmoja mmoja, wengine bila hata kuaga.

Mkurugenzi, Bwana Semgalawe, aliingia karakanani akasimama upande wa pili wa gari la nuru.

"Riziki, waandishi wa habari wanakuja Ijumaa. Nahitaji sababu."

"Sina bado."

"Yupo dereva wa gari hili. Alikuwa mwendo wa mia tatu na arobaini."

"Gari linauruhusu mwendo huo. Sisi wenyewe tunautangaza."

"Najua." Mkurugenzi hakumtazama. "Lakini watu mia tisa wanakula kwenye kiwanda hiki, na dereva ni mmoja."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeanza na karakana ya mabati matupu na mafundi wanne, na sasa alikuwa akiona kazi ya maisha yake inachekwa kwenye banda la chipsi. Riziki alimhurumia, lakini mchana ule ule alikwenda hospitali kumwona huyo dereva mmoja.

Idrisa Chambuso hakuwa tajiri wa kununua Mbayuwayu. Alikuwa mpelekaji, mtu wa kiwandani anayeendesha magari mapya hadi milangoni kwa wateja. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya mifuko ya maji mazito, na ndani ya maji hayo ngozi mpya ilikuwa ikiota polepole, nyembamba, ya rangi ya waridi.

"Pole sana, kaka Idrisa."

"Nimeshapoa, mhandisi." Akacheka kidogo. "Nimesikia Ijumaa nitatajwa."

"Nani kakwambia?"

"Muuguzi ana shemeji yake huko kwenu. Tanga hii, dada, nani anaficha kitu?" Kicheko kikamtoka usoni. "Mimi naendesha tangu nina miaka kumi na tisa. Wakisema nimeunguza gari kwa uzembe, nani atanipa usukani tena? Na mikono yenyewe ndiyo hii."

Riziki akavuta kiti. "Niambie ulichokisikia kabla ya moto. Kila kitu."

"Nilishawaambia wenzako. Wakasema ni dawa za usingizi zinaongea."

"Niambie mimi."

Idrisa alitazama dari. "Udi. Kiti kilipoanza kupata joto kilinukia udi. Nikajisemea, maskini, Bi Mwanakheri huyo. Nikatulia kabisa. Ningesikia harufu ya plastiki ningesimama palepale, lakini udi, dada! Mtu anaogopaje udi?"

Bi Mwanakheri alikuwa mama mzazi wa Riziki.

Tangu gari la kwanza, miaka ishirini na mmoja iliyopita, Mbayuwayu haikutoka kiwandani kama kabati linavyotoka kwa seremala. Ilitolewa kama mwali. Roboti zikimaliza kazi yao, gari lilisukumwa hadi chumba cha mwisho, na humo hamkuwa na mashine hata moja. Alikuwamo Bi Mwanakheri, somo aliyewafunda maharusi wa Chumbageni, na kanga zake na chetezo chake. Alifukiza viti, dari, mpaka kwenye matundu ya hewa, huku akiimba kwa sauti ya chini nyimbo alizowaimbia mabinti wa watu. Picha yake na chetezo ilitundikwa kwenye viwanja vya ndege vya nchi ambazo hakuwahi kuzitia mguu. Wateja walisema magari mengine yana injini, hili lina mama.

Riziki alirudi kiwandani mbio mbio, akaingia chumba cha mwisho bila kubisha. Mama yake alikuwa ameinama ndani ya gari jeupe, moshi umemzunguka. Na taa za gari zilikuwa zinawaka.

"Mama, tangu lini gari linawashwa kabla hujalifukiza?"

"Shikamoo kwanza, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Tangu lini?"

"Marahaba. Tangu baada ya Idi. Mkurugenzi alisema taa ziwake, picha ipendeze." Bi Mwanakheri akaweka chetezo chini. "Mimi nikaona mwali kufumbua macho kabla hajapambwa si adabu. Lakini siku hizi nani anamuuliza mzee?"

Riziki akaingia ndani ya gari. Alikitoa kinusi cha gari lile kwa mikono yake, akakipeleka maabara, akakifungia ndani ya sanduku la kioo. Kinusi kilikuwa na tabia moja aliyokipa yeye mwenyewe, na zamani aliionea fahari: saa ya kwanza baada ya gari kuwashwa, kilinusa hewa iliyomo na kuiweka moyoni, ili baadaye kisije kikapiga kelele kwa sababu ya gundi au ngozi ya viti. Chochote kilichonuswa saa ile kilikuwa salama daima. Zamani gari lilifukizwa likiwa limelala, hewa ikasafishwa, ndipo likawashwa. Sasa lilizaliwa ndani ya moshi, na kwa pua yake moshi wote ulikuwa mmoja.

Akapitisha kwenye sanduku moshi mwembamba wa seli mgonjwa. Kinusi kikanusa. Kwenye kioo kidogo cha kupimia likatokea neno moja: NYUMBANI.

Alirudia mara nne, na mara zote nne kinusi kiliandika lile lile. Riziki akakaa sakafuni akalia.

Alipompelekea mkurugenzi matokeo, Bwana Semgalawe aliyasoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Zile taa niliagiza mimi," alisema.

"Ndiyo."

Akavaa miwani tena. "Tufanye hivi. Kuanzia leo tunafukiza gari likiwa limezima, kama zamani. Yaliyokwisha kutoka tunayaita kwa jina la ukaguzi wa kawaida, tunayafunza upya kimyakimya. Hakuna atakayeungua tena. Na hakuna atakayejua ilikuwa ni chetezo cha mama yako."

"Na Idrisa?"

"Ijumaa wanataka jina, Riziki. Likiwa si la Idrisa, litakuwa la Bi Mwanakheri. Watu hawatasikia habari za taa wala saa ya kwanza. Watasikia mwanamke mzee kachoma magari kwa udi. Wamecheka jiko, je, hilo? Unataka mama yako aandikwe kwenye banda la chipsi?"

Riziki angependa sana kusema kwamba alikataa hapo hapo. Hakukataa. Alikwenda nyumbani na yale maneno, akala wali bila kujua anakula nini, na mama yake, ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuwasoma mabinti wanaoficha jambo, alimtazama mara moja tu.

"Sema."

Akamwambia yote, mpaka lile neno la kwenye kioo. Bi Mwanakheri alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Aliposikia "nyumbani" alifunga macho.

"Yule kijana mikono itapona?"

"Wanasema itapona. Jina ndilo halitapona."

"Basi kalale, mwanangu," alisema mama yake, ingawa hata magharibi ilikuwa haijafika. Akainuka akaanza kutoa sandukuni kanga zake nzuri.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kamera ndogo zenye mabawa ziliruka juu ya vichwa vya watu kama nzi wa embe. Bwana Semgalawe alikuwa ameshika karatasi, amefika kwenye maneno "kuhusu mwenendo wa dereva", mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Bi Mwanakheri aliingia akitembea polepole, akapanda jukwaani, na mkurugenzi, aliyelelewa Tanga na kufundwa adabu, hakuweza kufanya jingine zaidi ya kumpisha.

"Mnanijua," aliwaambia waandishi. "Mimi ndiye somo wa magari haya. Kwetu mwali akiharibikiwa huko alikokwenda, wa kwanza kuulizwa ni somo wake. Kwa hiyo msimuulize Idrisa Chambuso. Niulizeni mimi."

Kamera zote zikamgeukia.

"Gari lina pua. Mwanangu aliitengeneza, na ni nzuri. Saa ya kwanza pua hiyo hujifunza harufu ya kwao. Mimi nikaijaza moshi. Nikayafunza magari kwamba moshi ni mama. Kwa hiyo yalipoanza kuungua hayakupiga kelele." Akaikaza kanga yake kifuani. "Yalidhani ni mimi nimeingia."

Riziki alisimama pale alipokuwa, akaeleza saa ya kwanza na namna alivyoibuni bila kinga. Alipomaliza, Bwana Semgalawe aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Bi Mwanakheri alilifukiza gari likiwa limelala kwa miaka ishirini," alisema, "na hakuna lililoungua. Taa ziliwashwa kwa amri yangu, kwa sababu ya picha. Dereva hana kosa lolote. Magari yote mia moja themanini na sita yaliyotoka tangu Idi yarudi."

Si kwamba watu waliacha kucheka. Wiki ile Bi Mwanakheri aliitwa kila jina, na muuza chipsi aliongeza chetezo kwenye mchoro wake. Siku tatu mama hakutoka nje. Lakini magari yalirudi. Wenye magari waliyaleta wenyewe, wengine kutoka ng'ambo, na walipoulizwa kwa nini hawakuyatupa, mmoja alijibu kwamba kiwanda kilichosema uongo kingemfanya auze, ila hiki kilikuwa na mtu aliyesema "ni mimi". Foleni haikurudi kama zamani, lakini kiwanda hakikufungwa.

Magari yalilazwa kwenye ukumbi wa hewa safi, yakasahaulishwa, yakazaliwa upya bila harufu yoyote. Kilichobaki kilikuwa kuyajaribu, moja baada ya moja, kwa moshi wa kweli. Riziki alikuwa ameandaa roboti ya kazi hiyo, lakini asubuhi ya jaribio la kwanza alimkuta mama yake mlangoni na chetezo.

"Nitawasha mimi," alisema Bi Mwanakheri. "Niliyafunza mimi."

Idrisa alikuwapo, ameketi kwenye benchi, mikono yake mipya ya waridi imelala magotini. Aliposikia harufu ya kaa la moto alishtuka, kisha akajikaza. Bi Mwanakheri alimwona. Alisimama mbele yake, hakusema pole, kwani pole alishampelekea hospitali kila siku kwa wiki mbili. Alimgusa bega tu, akaingia ndani ya gari jeupe, akaweka kipande cha udi juu ya kaa.

Moshi ulipanda uzi mmoja.

Gari likapiga yowe. Milango yote ikafunguka kwa kishindo, taa zikawaka nyekundu, kiti kikamsukuma kikongwe nje kwa nguvu ya adabu, na sauti ikawa inarudia: "Moto! Toka! Toka!" Bi Mwanakheri alijikuta amesimama sakafuni, ushungi umemtoka kichwani, machozi yanamchuruzika.

Idrisa alikuwa ameinuka kumshika. "Linakufukuza, mama."

"Acha linifukuze," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Lingenifukuza mapema, mikono yako isingeungua."

Akajifunga ushungi upya, akapuliza kaa lisizimike, akamgeukia Riziki.

"Leteni lingine."