Hadi Rangi Ikauke

"Kapteni alifanya vizuri kumwacha!" nilisema, nikagonga meza hadi vikombe vikaruka. "Mtu kama yule humwokoi. Unamleta nyumbani, unaficha visu, unahesabu vidonge vyake akiwa bafuni, unalala jicho moja wazi. Mwisho mnazama wote wawili. Meli iondoke!"

Ukumbi ukalipuka. Nusu wananishangilia, nusu wananizomea. Noreen Opie, mwenyekiti wetu, akapiga kijiko kwenye birika.

"Tulieni, nyie watoto wa mbwa! Grant, endelea."

"Nimemaliza."

Nilijiona bingwa. Nikamtafuta Lyndal, mpenzi wangu, kwa macho ili nimkonyeze. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, anavaa koti polepole, kama mtu anayevaa akiwa ndani ya maji.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza. "Hatujapiga kura."

"Nyumbani."

Mlango ukajifunga nyuma yake bila kishindo. Afadhali angeubamiza.

Ngoja nieleze. Mimi napiga rangi boti hapa Wallaroo, mji mdogo wa bandari Australia Kusini. Kila mwezi, Jumapili mchana, sisi tunaopenda kile kipindi cha zamani cha televisheni, "Wasafiri wa Anga la Saba", tunakutana kwenye ukumbi wa klabu ya mchezo wa kuviringisha tufe. Tunatazama sehemu moja, tunakula pai za Noreen za nyama na viazi, halafu tunagombana. Ugomvi una sheria. Kabla ya kusema, unachota kifungo cha shati kwenye kopo la biskuti. Cheupe, unatetea upande huu. Cheusi, unatetea upande ule, hata kama moyo wako haupo huko. Na hakuna kuonyesha kifungo mpaka kura ipigwe.

Siku ile ilikuwa sehemu ya "Mchoraji wa Mwezi Baridi". Kila mpenzi wa kipindi anaijua. Mchoraji anaishi peke yake kwenye mwezi wenye mwanga wa zambarau. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kila siku anachora dirisha moja lilelile, kila siku analifuta. Kapteni, mwanamke jasiri, anatua, anamwahidi sayari yenye waganga. Mchoraji hataki waganga. Anauliza kitu kimoja tu: "Utakaa hadi rangi ikauke?" Kapteni anasema meli inaondoka. Basi. Mwisho tunaiona meli ikipaa, na sisi tunaitazama kupitia dirisha lile la kuchorwa.

Je, Kapteni alikosea? Watu wamenuniana miaka kwa swali hilo.

Nilimkuta Lyndal barabarani, karibu na maghala ya ngano. Vumbi la mavuno lilikuwa hewani, dhahabu tupu, na yeye anatembea ndani yake kama picha.

"Lyndal! Ona!" Nikafungua kiganja. "Cheusi! Nilichota cheusi, upande wa Kapteni! Ni mchezo tu."

"Najua ni cheusi. Niko kwenye klabu hii tangu kabla yako."

"Sasa umekasirikia nini?"

Akasimama. Alikuwa na rangi ya bluu chini ya kucha, kama siku zote.

"Yule mchoraji ana vidonge, Grant?"

"Vidonge gani?"

"Kwenye kile kipindi. Umekitazama tangu utoto. Niambie, ni wapi anameza kidonge?"

Nikaanza kuipitia sehemu ile kichwani, tukio kwa tukio.

"Hakuna," akasema. "Hakuna kidonge hata kimoja kwenye mwezi ule. Wala bafu. Kifungo kilikupa upande. Maneno uliyatoa wapi?"

Akaendelea kutembea, na mimi nikabaki na kifungo changu mkononi kama mjinga.

Ukweli ni huu. Lyndal Hasluck aliniambia mwezi wa kwanza wa mapenzi yetu kwamba aliwahi kulazwa hospitali Adelaide, mara mbili, akili ilipomzidi uzito. Alinieleza taratibu, mikono imeshika magoti. Mimi nikasema "sawa," nikainuka kuchemsha chai. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Tangu siku hiyo, kila akiingia kuoga, nilifungua mkoba wake nikahesabu vidonge. Jumamosi baada ya mjadala ule alikuwa ahamie kwangu. Nilishamwachia nusu ya banda langu la boti kwa ajili ya turubai zake. Nilishapiga hata ukuta rangi nyeupe.

Jioni simu ikalia kwa ujumbe:

"Jumamosi usilete tela. Sihami."

Nikaandika: "Nisamehe. Nilikuwa nacheza tu."

Akajibu: "Usinidanganye mara ya pili."

Nikampigia. Akakata. Nikampigia tena. Simu imezimwa.

Kesho yake asubuhi akapiga Noreen.

"Hongera, bingwa. Ulishinda kura."

"Noreen, niache."

"Nikuache nini, kichwa cha kaa wewe? Mwanamke amenirudishia sahani yangu bila kuingia ndani. Nikamuuliza vipi, akasema amechoka kulindwa kama gesi inayovuja. Umemfanyia nini?"

Nikamweleza. Akasonya.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza. "Nimpelekee maua?"

"Maua! Mwanaume, umeishi na samaki muda mrefu sana. Hebu kitazame kile kipindi tena. Safari hii usimtazame mchoraji. Yeye mwache. Mtazame Kapteni."

"Kwa nini?"

"Tazama tu, halafu uoge."

Usiku ule nikakitazama. Nje ukungu ulikuwa umetoka baharini, umefunika gati, na mwanga wa zambarau wa televisheni ukajaa sebuleni mpaka ukutani. Nilimtazama Kapteni peke yake. Anaingia chumba cha mchoraji, anasimama. Anamwonea huruma, amesimama. Anatoa ahadi kubwa kubwa, amesimama, glavu mkononi. Kuna kiti pale, kitupu, katikati ya chumba. Mchoraji anakivuta mara mbili kumkaribisha. Kapteni hakai. Kipindi kizima hakai.

Miaka yote tunabishana kama alifanya vizuri kuondoka. Yule mwanamke hakuwahi hata kufika.

Nikazima televisheni, nikaoga.

Nilimpata Lyndal kesho yake asubuhi, maji yamekupwa, ufukwe wa kaskazini. Ghuba ilikuwa tulivu kama maziwa kwenye bakuli. Alikuwa katikati, maji magotini, anavuta reki ya kuvulia kaa polepole, ndoo inamfuata kwa kamba kiunoni. Huwezi kujua wapi maji yanaishia na wapi mbingu inaanza. Nikaingia na buti zangu.

"Utaharibu buti," akasema bila kugeuka.

"Zimeshaharibika."

"Umekuja kusema nini?"

"Nilihesabu vidonge vyako."

Reki ikasimama.

"Mara ngapi?"

"Kila ulipooga."

"Mungu wangu, Grant! Mimi napenda kuoga!"

"Najua. Nimehesabu sana."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kaa mmoja wa bluu akapita katikati ya miguu yetu, hatukumgusa.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningeuliza nini? Mimi sijui maneno ya mambo hayo."

"Siyo maneno ya hospitali. Unauliza hivi: Lyndal, leo vipi?"

"Lyndal, leo vipi?"

"Leo vibaya," akasema. Sauti yake ikapasuka. "Leo vibaya sana. Nimekuja kuvuta kaa kwa sababu sikutaka kukaa nyumbani nikiwaza kwamba mtu ninayempenda analala jicho moja wazi."

"Sawa" ilinifika kwenye ulimi. Nikaimeza. Sikwenda kuchemsha chai, chai yenyewe ingetoka wapi katikati ya bahari. Nilisimama tu pale, maji yananifika magotini, mpaka akamaliza kulia.

"Unaniogopa?" akauliza.

"Naogopa, ndiyo. Lakini wewe sikuogopi. Naogopa kuamka siku moja nikute hupo. Sina dawa ya hilo. Sina sayari ya waganga."

"Mimi sijakuomba sayari."

"Najua. Jana nilimtazama Kapteni. Yule mwanamke hakai chini."

Akanigeukia, macho mekundu.

"Umeliona?"

"Noreen alinisukuma."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe hukuliona."

"Mimi naona boti tu, Lyndal. Unajua."

Hapo akacheka, kidogo, kwa pua. Akanipa ndoo.

"Beba. Usidhani nimekusamehe. Ni nzito tu."

Nikambebea kaa mpaka kwake. Nyuma ya nyumba ana banda la mabati analochoria. Miezi yote ya mapenzi yetu nilikuwa nasimama mlangoni nikisema "nzuri," halafu naondoka. Siku hiyo nilivuta ndoo nyingine, nikaipindua, nikaikalia.

Akanitazama muda mrefu. Halafu akachukua brashi.

Alikuwa anachora maghala ya ngano katika vumbi lile la dhahabu, na barabara, na barabarani mtu mmoja mdogo anayetembea. Jua lilipita kwenye matundu ya mabati, likamwagika sakafuni kama sarafu. Kuna wakati nilisinzia nikaota bahari ya zambarau, na nilipoamka alikuwa bado yupo, na mimi pia.

"Leo vipi sasa?" nikauliza.

"Vibaya," akasema. "Lakini vibaya ya kawaida."

Akaweka brashi chini. Akasema bila kunitazama:

"Utakaa hadi rangi ikauke?"

"Nitakaa."

"Una uhakika?"

"Rangi yangu mimi hukauka kabla ya chai kupoa."

"Hii ni ya mafuta, mjinga wewe. Kwa nilivyoipaka nene, itachukua wiki na wiki."

Nikaitazama ile picha. Nikaitazama ndoo niliyokalia.

"Basi nitahitaji godoro," nikasema.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, na nikatoka bandani nikiwa na mashavu ya bluu.

Jumamosi nilileta tela kwa Lyndal. Ila vitu vilivyokuwa juu yake vilikuwa vyangu: godoro, birika, na kiti kimoja cha kukalia. Noreen alikuwa kwenye uzio na shoga zake.

"Mwanamke hahami, mwanaume ndiye anahamia!" akapiga kelele. "Kichwa cha kaa amepata akili!"

"Njoo usaidie kubeba, bibi wewe!"

"Mgongo wangu umekukosea nini? Beba mwenyewe!"

Sasa mkoba wake uko mezani na siufungui. Siku nyingine nauliza "leo vipi," anasema "nzuri," tunaenda kuvuta kaa. Siku nyingine anasema "niache," namwacha, lakini nipo bandani kwenye kiti changu. Kuna wiki moja ilikuwa nzito, nikampeleka Adelaide kwa daktari wake. Yeye ndiye aliyesema twende. Njiani alishika usukani nusu ya safari.

Mkutano uliofuata wa klabu, Noreen alinipa kopo. Nikachota, nikafungua kiganja mbele ya watu wote kabla ya mjadala.

"Sheria, Grant!" wakapiga kelele. "Umevunja sheria!"

"Nipigeni faini," nikasema, nikaenda kukaa karibu na dirisha, kando ya Lyndal.

Jana jioni aliniita bandani. Mwanga ulikuwa wa zambarau, ule unaokuja baada ya jua kuzama kwenye ghuba. Picha ilikuwa bado kwenye kiegemeo chake cha mbao. Nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzo: barabarani, nyuma ya yule mtu mdogo, ameongeza mwingine, anakimbia, mkono mmoja umefumba ngumi kama ana kitu kidogo kiganjani.

"Hebu iguse," akasema. "Wewe ndiye fundi rangi. Niambie kama imekauka."

Nikaigusa kwa ncha ya kidole, pembeni, kwenye anga. Ilikuwa kavu kama mfupa.

"Vipi?" akauliza, anajizuia kucheka.

"Bado mbichi," nikasema, nikavuta kiti.