Supu ya Mama Ginah Hailiwi Nyumbani

Jioni ile binti yangu Wening alinituma nikanunue soto, supu ya kuku.

"Leo usile huko huko, Baba. Ifungashe, tule wote nyumbani."

Nikaitikia. Tangu mama yake afariki nilikuwa naitikia kila kitu. Niite kula, nakuja. Niite kulia, nakuja pia, ila machozi hayatoki.

Mke wangu Rumiyati alifariki Jumanne ya Kliwon, siku nzito katika kalenda yetu ya Kijava. Kwetu Klaten, anayefariki siku hiyo kaburi lake hulindwa usiku arobaini. Wako watu wanaofukua kutafuta kifundo cha sanda yake, ule ukanda wa kuifungia. Mfanyabiashara akikipata, marehemu humtumikia, na wateja hawamwishii. Basi nikalinda. Usiku wa thelathini na moja mvua ilinyesha, njaa ikanibana, nikasema niende mara moja kwa Mama Ginah, nile bakuli moja, nirudi. Niliporudi, udongo wa upande wa miguu ulikuwa umelegea. Nikaushindilia kwa kandambili zangu. Sikumwambia mtu.

Tangu wiki ile kibanda cha Mama Ginah hakina pa kukaa kwa wingi wa wateja. Na mimi, ambaye wali wa nyumbani ulikuwa kama kutafuna karatasi, kule nilikuwa napata ladha. Vitunguu saumu vilivyoungua kidogo. Ndimu nyingi. Mkono wa mke wangu kabisa. Nilijiambia ni ulimi tu unanichezea. Mwongo mkubwa mimi.

"Mgane gani huyu, kila siku bakuli mbili?" Mama Ginah alinitania nilipofika. Watu kwenye benchi wakacheka.

"Leo nifungashie."

Upawa ukasimama hewani.

"Kula hapa, Bwana Tarmo. Ikipoa si nzuri."

"Binti ananisubiri."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akamimina supu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa mpira, akanipa bila kunitazama tena.

Nyumbani Wening aliufungua mfuko juu ya bakuli.

Harufu...

Udongo wa mvua. Na kafuri.

Mchuzi ulivutika kama ute. Wening aliweka kijiko chini taratibu.

"Baba. Ulilinda siku zote arobaini?"

"Zote."

"Hii kafuri naijua. Niliipaka mimi mwenyewe, kwenye paji la uso wake." Hakupaza sauti. "Mama amefungwa kule. Hajapumzika hata siku moja. Nenda kamwombe yule mama amwachie. Mimi nikienda nitamng'oa nywele."

Nikaenda. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, wateja wamekwenda kuswali, mabenchi matupu. Mama Ginah alikuwa peke yake, anafuta meza.

Nilidhani yuko peke yake.

Pazia la nyuma ya jiko halifiki chini. Pale chini niliona kitambaa cheupe, kimechafuka tope. Kimesimama wima. Miguu sikuiona.

To... to... to...

Kitu kilikuwa kinadondokea ndani ya sufuria, huko nyuma ya pazia.

Sikukimbia. Wala moyo haukwenda mbio. Niliketi mahali pangu pa kila siku.

"Mfungue," nilinong'ona.

Mama Ginah hakujifanya hajui. Alinionyesha mpini wa upawa. Ulikuwa umezungushiwa ukanda wa kitambaa cheupe, umefungwa fundo moja.

"Nikiuchoma huu, anapumzika jioni hii hii," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sina ubaya naye. Nilikuwa karibu kufunga kibanda kwa kukosa wateja, nina watoto, nikafanya nilichofanya. Wewe ndiye mumewe. Ukisema nichome, nachoma. Ila kesho supu itakuwa maji tu. Na wewe nakuona, Bwana Tarmo. Kwingine kote huli."

Akachota. Akaniwekea bakuli mbele yangu, akachukua kiberiti, akangoja.

"Baba Wening..."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo alivyoniita miaka ishirini na sita.

"Baba Wening, nasikia baridi."

Neno lilikuwa moja tu: choma. Nilikuwa nalo mdomoni. Mvuke ukanipanda usoni. Vitunguu saumu. Ndimu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi nina mwili.

Nikachukua kijiko.

Aliniita mara mbili zaidi wakati nakula. Nilikula mpaka kitako cha bakuli kikaonekana. Mama Ginah akarudisha kiberiti mfukoni, na nyuma ya pazia matone yakaanza tena.

Niliporudi nyumbani, Wening alikuwa mlangoni.

"Amemwachia?"

"Amemwachia. Nimeuona ukanda ukiungua, kwa macho yangu haya."

Alinikumbatia, akalia begani mwangu mpaka shati likalowa. "Asante, Baba," alisema. "Nilijua hutamwacha." Kisha akatawadha, akakaa kwenye mkeka kumsomea mama yake Yasini, na sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Nilikaa karibu nikimsikiliza. Nilingoja aibu ije. Nilingoja hata woga. Haikuja aibu, haukuja woga.

Nilikuwa nimeshiba tu.