Ua la Milembe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye shamba lake la pamba kule Nkololo, Ngassa alimwagilia ua la mke wake. Lilikuwa ua dogo la zambarau, lenye asili ya milima ya Usambara. Mkewe, Milembe, alikuwa Mwanza akitibiwa moyo. Ngassa alilimwagia maji kopo zima, akidhani analitunza. Likaoza shina, likafa.

Milembe alipopiga simu aliuliza, "Ua langu halijambo?"

"Halijambo," Ngassa alijibu. Aliogopa kwamba ukweli ungemzidishia ugonjwa.

Kwenye ua lile vilibaki vifuko viwili vikavu vya mbegu. Alipanda mbegu za kimoja kwenye kopo la udongo, kama apandavyo pamba. Akazifukia, akaweka kopo juani. Hakikuota kitu.

Akaenda na kifuko cha mwisho kwa jirani yake Felisita, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma. "Nimeliua ua la Milembe."

Felisita alipasua kifuko juu ya karatasi. Mbegu zikamwagika kama vumbi. Ngassa akazuia pumzi asizipeperushe.

"Ni ndogo mno, baba. Ukizifukia haziwezi kutoka, na zinataka mwanga. Zinyunyize juu ya udongo mwepesi, uziache hivyo hivyo."

"Na maji?"

"Usimwage juu. Toboa kopo chini, liweke kwenye sahani ya maji. Udongo ukilowa, litoe. Lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, likae karibu na dirisha, jua kali lisilipige."

"Zisipoota?"

Felisita alikunja karatasi yenye mbegu, akamrudishia. "Mwambie mkeo ukweli sasa, kabla hujajua kama zitaota."

Jioni ile Ngassa alipiga simu, akasema yote.

"Nilijua," Milembe alisema. "Ulikuwa unajibu upesi mno. Haya, zitunze hizo mbegu."

Ngassa alizinyunyiza kama alivyoelekezwa. Wiki zikapita. Ngassa aliinamia kopo kila asubuhi, akaona udongo mtupu. Usingizi ukampungua. Ndipo siku moja akaona vidoa vya kijani, vidogo kuliko punje ya ulezi. Akaanza kuifunua nailoni kidogo kidogo, miche izoee hewa.

Milembe aliporudi nyumbani, amekonda lakini anatembea, miche ilikuwa na majani manene yenye manyoya.

"Maua bado," alisema Ngassa. "Yatachukua miezi mingi."

Milembe akavuta kigoda karibu na dirisha, akakaa.

"Nitayangoja," akasema.