Bahizire na Kitabu cha Mnyonya Damu

Ndugu zangu wa Rumonge, mliobaki na mliorudi kutoka kambini, sogeeni niwasimulie. Mimi ni Chausiku, kazi yangu kuanika ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, na wanaonijua wanajua kwamba sipendi kuzungusha maneno. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliambiwa na jirani yangu Marguerite, ambaye hana tabia ya kutia chumvi.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile ya vikwazo, petroli inauzwa kwa chupa, na barabara ya Bujumbura inafungwa kila mara kwa sababu magari yalikuwa yanaviziwa upande wa Magara. Lakini asubuhi za ziwani zilikuwa nzuri bado. Mitumbwi ikirudi tulinunua ndagala, tukawamwaga mchangani juu ya nyavu kuukuu, na kazi iliyobaki ilikuwa kukaa, kuwageuza na kufukuza ndege. Kazi hiyo inataka macho na mikono, masikio yanabaki bure. Ndiyo maana sisi waanika ndagala tunapenda hadithi kuliko watu wote.

Aliyetupa hadithi wakati huo alikuwa Aksanti, binti wa Marguerite na Bahizire, familia ya Wakongo waliotoka Kivu Kusini. Shule yake ya sekondari ilikuwa imefungwa. Baba yake alikuwa anauza caguwa, yaani nguo za mitumba, na siku moja belo ilipofunguliwa Aksanti alikuta kitabu cha Kifaransa kimeviringishwa ndani ya koti. Akatuletea mchangani. Anasoma ukurasa kimoyomoyo, kisha anatugeuzia kwa Kiswahili.

Kilikuwa kitabu cha mapenzi. Msichana anampenda kijana tajiri, mweupe kama unga wa muhogo, anayeishi peke yake katika jumba kubwa. Kijana huyo hali chakula. Mchana hatoki, maana jua likimpata anakuwa jivu. Anaingia nyumba za watu kwa ujanja, anajifanya mgeni mwema. Kumbe ananyonya damu, na amefanya hivyo kwa miaka mia tatu.

"Miaka mia tatu na hajaoa," alisema Mwanvua, mwanamke mnene wa mtaa wa Waswahili, mwenye sauti inayofika hadi majini. "Huyo ana kasoro nyingine ambayo kitabu hakisemi."

"Na anakuja usiku tu, asubuhi hayupo," akadakia Kabibi, mwenzetu mwingine. "Wa hivyo tunao hapa hapa, na hawana hata hayo meno."

Tulicheka mpaka ndege wakatuibia samaki. Lakini msidhani ilikuwa kucheka tu. Kila asubuhi Aksanti akifunga kitabu alituuliza, "Sasa, mama zangu, munamuhukumu namna gani?" Hapo tulibishana kwelikweli. Mwanvua alisema msichana ni mjinga, angeanza kwa kuuliza kwa nini mwanaume hali ugali. Kabibi alimtetea, kwamba mapenzi hayana macho. Aksanti mwenyewe alisema mwandishi ana maneno matamu, lakini anamdanganya msomaji, kwa sababu anafanya kuumwa shingoni kuonekane kama busu. "Mutu anayekuumiza halafu anakuambia nyamaza, huyo si mupenzi," alisema. Nilifurahi kusikia binti wa umri ule akisema hivyo.

Sasa Bahizire. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa shemasi, mtu wa kufunga na kuomba, na hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuhukumu haraka. Jambo akilitazama mara moja, kwake limekwisha. Siku moja alikiona kitabu juu ya mkeka wa Aksanti. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya mwanaume mwenye meno marefu ameinamia shingo ya mwanamke, na tone la damu linatiririka. Kifaransa Bahizire alikijua kuliko binti yake, lakini kitabu hakukifungua.

"Kitu hiki kimeingia namna gani mu nyumba yangu?"

"Papa, iko hadithi tu. Soma hata ukurasa moja, kisha utaniambia."

"Sumu haionjwi, Aksanti."

Marguerite, ambaye mimba yake ilikuwa imefika ukingoni, alimwambia kwa upole, "Baba Aksanti, kuuliza si ujinga. Muulize mutoto kitabu kinasema nini."

Bahizire hakuuliza. Alikitia motoni, chini ya chungu cha maharagwe, akasimama hapo hadi jalada lilipojikunja.

Yangeishia hapo, yangekuwa ya nyumba moja, nami nisingewaita. Lakini Jumapili ikafika. Katika kanisa lao kuna muda wa ushuhuda. Anayetaka anasimama, anaeleza aliyotendewa na Mungu, na wote wanajibu amina. Ushuhuda haubishiwi. Ni desturi nzuri, mtu mwenye huzuni anasema na hakuna anayemkatiza. Siku hiyo Bahizire alisimama akaeleza kwamba katika nyumba yake amekamata kitabu cha mumiani, kinachofundisha kunywa damu, na amekiteketeza. Watu wakasema amina. Angekaa. Hakukaa.

"Na wapendwa," akaongeza, "kuna mwanamuke anazunguka mu mitaa na kisanduku, anakusanya damu. Mimi simuhukumu. Lakini mufungue macho."

Wakasema amina tena.

Aliyekulia kando ya ziwa hili hana haja ya kuelezwa mumiani. Sisi wa mtaa wa Waswahili tulitishwa naye tangu hatujaota meno: mtu anayeteka watu akauza damu yao. Wakongo wanasema batumbula, ni wale wale. Basi kitabu cha Ulaya, hofu ya mababu na kisanduku cha hospitali vikaunganishwa vikawa kitu kimoja, na kabla ya chakula cha jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba mumiani amefika Rumonge na kitabu chake cha mafunzo.

Mwenye kisanduku alikuwa Vestine, muuguzi. Kwa kuwa barabara ilikuwa haipitiki, damu haikuweza kutoka Bujumbura, na majeruhi walizidi kuletwa. Ndiyo maana alipita mtaa kwa mtaa akiwaomba watu wajitolee. Baada ya Jumapili ile alipotokea sokoni, wanawake walivuta watoto wao ndani. Mtu mmoja akamrushia jiwe likampasua juu ya jicho. Alirudi hospitali na kisanduku kitupu, nguo yake nyeupe imelowa damu yake mwenyewe, na hakutoka tena. Fikirini. Siku hizo watu walikuwa wanamwaga damu za wenzao barabarani, na hakuna aliyewaita mumiani. Aliyeitwa hivyo ni yule aliyetaka kuwarudishia majeruhi damu iliyomwagika. Niliuonea mji wetu aibu.

Haukupita muda Marguerite akashikwa na uchungu. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, wa kike, analia vizuri. Lakini damu ya mama ilikataa kusimama. Daktari alimwita Bahizire pembeni akamwambia wazi kwamba Marguerite lazima aongezewe damu kabla jua halijatua, na kwamba friji ya damu ni tupu. Bahizire akakunja mkono wa shati papo hapo. Walipompima, damu yake haikulingana na ya mkewe. Aksanti alikuwa ametoka kuugua malaria, daktari akamkataa.

Bahizire akakimbia kwa Heri, shemasi mwenzake na rafiki yake tangu Kongo.

"Ndugu Heri, Marguerite anakufa. Inahitajika damu."

Heri alibaki mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Shemasi, ni weye ulituambia tufungue macho."

"Nilisema simuhukumu."

"Ndiyo, ulisema. Na tulisikia ile ulitaka tusikie."

Alikwenda nyumba nyingine, na nyingine tena. Kila mahali walimpa pole, na kila mahali walimrudishia maneno yake. Hakuweza hata kuwakasirikia, maana hawakusema kitu ambacho hakukisema yeye. Waliompita barabarani walimkuta ameketi chini, amejishika kichwa, analia kama aliyefiwa tayari.

Aksanti hakumfuata baba yake. Alikuja kwetu mchangani, akatueleza. Tukainamia ndagala wetu. Tulimpenda Marguerite, lakini hofu ya utotoni haisikii lugha ya mapenzi.

"Mtoto wangu," Kabibi alisema, hata kumtazama hawezi, "mama yako ni dada yangu. Lakini kile kisanduku... Watoto wangu nitawaacha na nani?"

Aksanti hakulia wala hakubembeleza. Akasema, "Mama zangu, kila asubuhi nilikuwa nawauliza munahukumu namna gani. Leo nauliza tena. Muhukumuni Vestine kama vile mulimuhukumu yule wa kitabu."

Kisha Mwanvua akajikung'uta mchanga.

"Haya. Yule wa kitabuni, jua lingemfanya nini?"

"Lingemuchoma, akuwe jivu."

"Vestine nimemwona sokoni saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, jasho linamtoka kama mimi." Akatutazama. "Na yule anaingia nyumba za watu vipi?"

"Kwa ujanja," nikajibu mimi.

"Huyu alipiga hodi kwangu, akasema anataka nini na kwa ajili ya nani. Nikamfukuza. Akanishukuru, murakoze, akaenda zake. Mumiani gani anayeaga?"

"Lakini damu anapeleka wapi?" akauliza mmoja wetu. "Yule wa kitabuni anainywa."

Hapo Kabibi akaweka chini fimbo yake ya kufukuzia ndege. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto wa kaka yangu alipigwa risasi kule Kigwena," alisema. "Wakamuongezea damu, akapona. Yuko nyumbani sasa hivi, anakula. Sijawahi kuuliza ile damu ilitoka kwa nani."

Tulisimama tukaondoka. Tuliwaacha ndagala pale pale juani, na anayeijua kazi yetu anajua maana yake, kwa sababu ndege hawakungoji. Nilipogeuka nyuma niliwaona wameshatua. Niliumia, lakini niliendelea kutembea.

Vestine alipoona kundi la wanawake linaingia, bandeji bado iko usoni, alirudi nyuma hadi ukutani. Alidhani tumeleta mawe. Mwanvua akanyoosha mkono.

"Amahoro, dada. Mkono huu hapa. Ukisikia napiga kelele usijali, naogopa sindano tangu nizaliwe."

Vestine akatoka ukutani akatupima, mmoja baada ya mwingine. Ya Mwanvua ililingana, na ya Kabibi pia. Yangu haikulingana na ya Marguerite, lakini nilimwambia aichukue tu, impate mtu yeyote. Mwanvua hakupiga kelele. Alikaa akiitazama damu yake inavyojaa kwenye mfuko, akasema hakujua kwamba anayo nyingi hivyo.

Jua lilipokuwa linaelekea milima ya Kongo, Marguerite alifumbua macho akaomba aletewe mtoto wake. Bahizire alikuwa amerudi. Alipomaliza kulia kando ya kitanda, alimwendea Vestine akapiga magoti mbele yetu sote akaomba msamaha.

"Nimekusamehe, Papa," Vestine alimwambia. "Lakini maneno uliyasema mbele ya kanisa zima, na msamaha unaniomba hapa pembeni."

Bahizire aliinama, akasema ameelewa.

Jumapili iliyofuata alimwomba Vestine aende naye, na sisi pia tukaenda, hata Waislamu, tukasimama nje madirishani. Muda wa ushuhuda ulipofika, Bahizire alisimama.

"Nilihukumu kitabu sijakisoma," alisema, "kisha nikahukumu mutu sijamuuliza. Jiwe lililompiga huyu dada, mimi ndiye nililiokota, mwingine alirusha tu. Nilisema hapa, na mulijibu amina. Leo siombi amina. Naomba mutu anibishie."

Jambo hilo halikuwahi kutokea katika kanisa lao. Kisha Heri akasimama. "Nakubishia, shemasi," alisema. "Si weye peke yako. Tulikuwa na vinywa, hatukuuliza. Mimi nilikuacha mulangoni na muke wako anakufa." Akatoka kwenye benchi lake, akaenda kwa Vestine, akamuuliza wanachukulia damu mkono gani. Wengine wakamfuata. Siku hiyo Vestine hakurudi na kisanduku kitupu.

Bahizire bado yuko, na Marguerite yuko, na yule mtoto sasa ana maneno kuliko dada yake. Miezi kadhaa baadaye Aksanti alipata kitabu kingine cha aina ile ile kutoka kwa wafanyabiashara wa Uvira, na baba yake akakisoma, safari hii chote, mpaka mwisho. Nikamuuliza amekionaje.

"Ni kibaya, Mama Chausiku," alinijibu. "Kirefu, na kibaya. Lakini mahali pamoja nililia."

Siku hizi ukimwambia kitabu fulani hakifai, atakuuliza kwanza umefika ukurasa gani.

MAFUNZO

Wazazi, mtoto akileta kitabu msichokielewa, msikimbilie moto. Kaeni naye, asome, mbishane. Kitabu kibaya kikisomwa kwa akili kinaweza kumfundisha mtu kumtambua mbaya, kama kilivyotufundisha sisi tusiojua hata herufi za Kifaransa. Nanyi mabinti, furahieni hadithi zenu, ila mkumbuke alichosema Aksanti kuhusu anayekuumiza kisha akakuambia unyamaze. Na sisi sote, tuogope kusema "mimi simhukumu, lakini". Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wa Bahizire ulikaribia kumponza mkewe, ambaye hakuwa amesema lolote zaidi ya kumwambia aulize. Ukiletewa habari ya kitabu au ya mtu, fungua kwanza uone kilichomo. Kama hujafungua, funga mdomo, kwa maana hujui ni mama wa nani anayesubiri damu.