Mistari ya Mtu Mwingine

Stendi ya Mikumi saa sita mchana si mahali pa kupendana. Mabasi ya Mbeya yanaingia kwa honi, wauza mayai wanagombania madirisha, na vumbi linamkalia kila mtu bila kujali cheo. Hata hivyo ndipo Seleina alipomwona Kasian.

Seleina alikuwa amekuja kumwona dada yake Naeku, aliyejifungua mtoto wa kiume. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na hereni ndogo za shanga, na ualimu wake wa sekondari ya Kilosa ulionekana hata kwenye namna alivyosimama. Ndani ya basi la Kilosa alilopanda kurudi, lililokuwa bado likisubiri abiria, kila mwenye simu alikuwa ameifunika kwa kiganja ili aone kioo. Kijana mmoja tu, shati jeupe lenye nembo ya kampuni ya mbegu, alikuwa anasoma juani bila taabu.

"Kaka, hiyo tableti yako mbona haina rangi?"

"Si tableti, dada. Ni ya kusomea vitabu tu. Kabati zima limo humu."

"Muziki je?"

"Haina."

"Kwa hiyo ulinunua kitu kisichofanya kitu."

"Chaji yake inakaa wiki tatu. Ya simu yako je?"

Seleina aliitazama simu yake. Ilikuwa imezima tangu asubuhi. Wakacheka wote wawili, na mama wa kiti cha nyuma akacheka pia, ingawa hakuulizwa.

Kasian alishuka njiani, kijiji cha Ulaya, kwao. Gari likaharibika palepale, na fundi akasema wasubiri. Kasian akarudi dirishani akampa kile kisomeo. "Usichoke bure, Mwalimu. Utanirudishia Jumamosi ijayo, stendi ya Mikumi." Ukimwuliza kwa nini alimwamini mtu asiyemjua, atakwambia hajui. Anajua sana.

Riwaya iliyokuwa imefunguliwa ilikuwa ya Kiingereza, juu ya mwanamke mwenye duka la saa. Kurasa chache mbele Seleina akakuta sentensi iliyopigiwa mstari: *Kaa karibu na dirisha, nikuone nikipita.* Yeye alikuwa amekaa dirishani. Mbele kidogo, nyingine: *Sijui kuomba, ningejua, ningekuomba wewe.* Akairudia kuisoma mara tatu.

Hapa inabidi nieleze. Seleina alisoma bweni, shule ya mchanganyiko ambako matroni alipekua masanduku na barua ya mapenzi ilikuwa na viboko vyake. Wanafunzi wakabuni njia: unamwazima mwenzako kitabu baada ya kupiga mstari wa penseli chini ya yale unayotaka kumwambia. Naye akikubali, anakirudisha na mistari yake. Kasian alisoma shule ya kutwa pale Ulaya, ambako kumpenda msichana kulihitaji baiskeli tu.

Basi Jumamosi zikafuatana, Seleina akija Mikumi kumwona mtoto wa dada yake. Kisomeo kikawa wiki hii kwa Seleina, wiki ijayo kwa Kasian. Stendi walikunywa soda, safarini walibishana juu ya wahusika, na jioni simu zikapigwa.

"Umefika salama, Mwalimu wangu?"

"Nani wako?"

"Samahani. Mwalimu wa serikali, umefika salama?"

"Nimefika, wewe mchokozi."

Lakini mchokozi huyo neno la maana hakulitamka. Seleina hakujali, maana mistari ilisema kila kitu, tena kwa ufasaha, na alimpenda kwa ufasaha huo. Alijifunza kubonyeza kwa kidole na kuburuta, akapiga mistari yake ya kujibu.

Ndipo baba yake akamwita nyumbani, kwenye boma lao la Kimaasai. Isaya wa Kimamba, mtoto wa rafiki yake, mtu mpole mwenye ng'ombe wengi, alikuwa ameomba kumwoa. Wazee wake wangekuja Jumamosi ya tatu kutoka siku hiyo. Seleina alipewa muda wa kusema kama ana neno. Angesema nini, na mwenyewe wa kulitetea neno hilo hajaonekana? Msichana wa kwao hamwendei mwanamume kumwambia nioe. Akatafuta ndani ya riwaya mpaka akapata sentensi aliyoitaka, akaipigia mstari: *Ukinyamaza sasa, usinililie nikishaondoka.* Akamkabidhi Kasian bila kumtazama usoni.

Jumamosi iliyofuata Kasian alikuja anatabasamu, amenyoa, ananukia sabuni, akampa kisomeo.

"Kile nimekimaliza. Nimekuwekea kingine cha wapelelezi, utakipenda zaidi."

"Hukuona chochote mle?"

"Nimeona. Kitabu ni kirefu mno."

Seleina alimrudishia kisomeo chake, akaenda kukaa kiti cha mbele karibu na dereva. Safari nzima hakugeuka. Jioni simu iliita, akaiacha iite. Kesho yake akamwambia mama yake kuwa hana neno, wageni waje.

Wiki nzima Kasian alipiga, akatuma ujumbe, akapiga tena. Ijumaa alasiri alikodi pikipiki mpaka Magomeni ya Kilosa, akafika chumbani kwa Seleina akiwa na matope hadi magotini.

"Nimekukosea nini?"

"Umekuja kuuliza leo? Kesho wanakuja kunichumbia!" Akamweleza yote kwa hasira: mstari wa dirishani, wa kuomba, wa mwisho. Kasian alisikiliza mdomo wazi.

"Seleina, mistari ile si yangu. Nilikinunua kwa fundi simu Mikumi, kimeshatumika. Kuna mzungu alikiuza alipokuwa anarudi kwao. Mistari niliikuta, nikaizoea. Hata yako nilidhani ni yake."

Seleina aliketi kitandani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Miezi yote hiyo alikuwa akijibizana na mtu aliyeko ng'ambo, asiyejua hata kama yeye yupo.

"Kwa hiyo wewe hujaniambia kitu. Hata neno moja."

"Kila Jumamosi nimekuja Mikumi. Mimi sina kazi Mikumi. Siku ile ya kwanza nilipeleka mbegu, basi." Akamsogelea hatua moja. "Siwezi kusema kama yule mzungu. Nakupenda. Nataka nikuoe, na baba yako nitamwambia mwenyewe, hata akinifukuza."

Hayakuwa maneno mazuri. Seleina aliyapima huku Kasian akidondosha matope sakafuni. Kisha akachukua simu, akampigia mama yake, akaongea Kimaasai.

"Yeyo, neno ninalo."

"Leo? Mbuzi ameshachinjwa!"

"Najua. Yupo mtu. Ni wa Ulaya, kwao ni wakulima."

 Kwa upande wa mama ndama walilia, na mtu akaita kuni ziletwe.

"Baba yako atakasirika," mama alisema mwishowe. "Huyo mtu wako anakula nyama?"

"Anakula."

Simu ikakatwa. Kasian, ambaye hakuelewa hata neno, alikuwa amekwisha kulowa jasho.

"Amesemaje?"

"Hajasema. Ameuliza tu kama unakula nyama." Seleina alimrushia kitambaa cha kufutia miguu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Kesho amka mapema, mpenzi. Ufike bomani kwetu kabla ya wale wengine."